Sauti Nyuma ya Picha: Maisha ya Freddie Mercury na Utunzi Wake katika Filamu

Makala haya yanaangalia maisha ya Farrokh Bulsara (1946-1991), mtunzi na mwimbaji aliyezaliwa Unguja na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yake, hasa katika lugha za Ulaya, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inahusu jukwaa, mavazi na starehe. Kipengele kinachoshughulikiwa hapa ni kidogo zaidi na mara nyingi kimepitwa kwa haraka, nacho ni kazi aliyoifanya kwa ajili ya filamu kati ya mwaka 1980 na 1986. Kazi hiyo si nyingi. Hata hivyo, ndani yake ndimo mbinu yake ya utunzi inamoonekana waziwazi kuliko penginepo, kwa kuwa hapo alilazimika kufuata picha ambayo hakuipiga yeye na kuwapa sauti wahusika ambao hakuwaumba yeye. Suala la pili, la uhusiano wake na Unguja, haliwezi kuepukwa katika jarida la Kiswahili, na litajitokeza njiani.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Mama yake aliitwa Jer. Wote wawili walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na asili yao ni Gujarati nchini India. Jina la ukoo linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi unaitwa Valsad. Mtoto wao wa pili, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952.

Mji Mkongwe wa miaka ya 1950 ulikuwa mji wa lugha nyingi, lakini lugha hizo hazikukaa kwenye jamvi moja. Kiingereza kilikuwa lugha ya ofisi na ya shule za wamisionari, Kigujarati lugha ya nyumbani kwa familia kama hii, na Kiswahili lugha ya mtaani, sokoni na ya kuzungumza na watumishi. Mtoto wa karani wa serikali aliweza kuzungukwa na Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku na bado asikihitaji kwa jambo lolote ambalo tabaka lake lililihesabu kuwa kubwa. Hali hiyo haikuwa ya Waparsi peke yao, na wanaisimujamii wanaoshughulikia miji ya pwani watakuwa wameikuta mara nyingi. Inatajwa hapa kwa sababu inaeleza jambo ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili wamelitafuta kwa Mercury wasilipate: hakuna hata wimbo mmoja alioutoa kwa lugha hii.

Mji huo pia ulikuwa mji wa sinema. Majumba ya Majestic, Empire na Sultana yalionyesha filamu za Kihindi, za Kiarabu na za Kiingereza, na filamu za Kihindi kama vile Awara ya mwaka 1951 ziliacha alama isiyofutika katika mahadhi ya taarabu ya Unguja na Mombasa. Kwa mtazamaji wa pwani, filamu isiyo na nyimbo ilikuwa na upungufu. Wimbo ulikuwa sehemu ya hadithi: mwigizaji alifumbua kinywa, na sauti iliyosikika ilikuwa ya mwimbaji mwingine aliyerekodiwa studioni. Haifai kudai kwamba Bulsara alijifunzia utunzi katika majumba hayo. Aliondoka Unguja akiwa na umri wa miaka minane, na ushahidi wa dai kama hilo haupo. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba alizaliwa mahali ambapo ndoa ya wimbo na picha ilikuwa jambo la kawaida, akaja kufanya kazi mahali ambapo ndoa hiyo ilionekana kuwa ya ajabu kidogo.

Mwaka 1955 alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, katika milima iliyo kusini-mashariki ya Bombay. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, akajifunza kupiga piano, na mwaka 1958 akaunda na wanafunzi wenzake bendi iliyoitwa The Hectics. Katika bendi hiyo yeye alikuwa mpiga piano. Alirejea Unguja mwaka 1963 akiwa kijana mwenye mazoea ya bweni la Kiingereza katika India, yaani mgeni wa aina fulani katika mji wake mwenyewe. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliikuta familia hapo, na mwaka huohuo ikahamia Feltham, magharibi ya London. Farrokh alikuwa na umri wa miaka 17. Kutoka hapo Unguja inatoweka katika kazi zake zote zinazojulikana.

Kabla ya kuwa mwanamuziki wa kulipwa, alisomea uchoraji na usanifu wa picha katika chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Waandishi wengi wa maisha yake huitaja elimu hii kwa sentensi moja na kuendelea mbele. Hilo ni kosa. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May na Roger Taylor kuunda kundi la Queen (John Deacon aliongezeka mwaka 1971), akalibuni jina hilo na kulichorea nembo, na wakati huohuo akajipa jina la Mercury. Katika miaka ile ya mwanzo alitunga kama mtu aliye na picha mbele ya macho. Mfano ulio dhahiri umo katika santuri ya pili ya kundi, iliyotolewa mwaka 1974, ambamo kuna wimbo alioutunga moja kwa moja kutokana na mchoro wa Richard Dadd uliohifadhiwa katika jumba la sanaa la Tate, London. Mchoro huo, ambao Dadd aliuchora kati ya mwaka 1855 na 1864, umejaa viumbe wadogo wa kingano waliosongamana majanini, na wimbo unawapitia mmoja mmoja kama jicho linavyozunguka juu ya turubai. Jina la wimbo ni jina la mchoro. Hapa tayari kuna mtunzi anayeweza kupewa picha ya mtu mwingine akaitafsiri kwa sauti.

Wimbo wa Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975 ulimpa umaarufu mkubwa zaidi. Una dakika 5 na sekunde 55, hauna kiitikio cha kawaida, na katikati yake kuna sehemu ya opera yenye wahusika wanaojibizana. Ulikaa kileleni mwa orodha ya Uingereza kwa wiki tisa, na filamu fupi iliyopigwa kwa ajili ya televisheni ili kuusindikiza ilichangia sana kuueneza. Kwa mtazamo wa makala haya, jambo muhimu ni muundo. Msemaji wa wimbo si Mercury, bali ni mhusika aliyeua mtu na anayehukumiwa. Karibu kila wimbo wake mzito wa miaka ile umejengwa hivyo, kwa mtunzi kujificha nyuma ya mtu wa kubuni.

Ndipo likaja ombi la filamu. Mtayarishaji Dino De Laurentiis alikuwa akiandaa Flash Gordon, iliyotokana na hadithi za katuni za Alex Raymond zilizoanza kuchapishwa Marekani mwaka 1934. Mwongozaji alikuwa Mike Hodges. Queen walipewa kazi ya kutunga muziki, na muziki wa okestra ukawa wa Howard Blake. Filamu na santuri yake vyote vilitoka Desemba 1980. Kundi lilikuwa katika mwaka wa shughuli nyingi, kwani santuri nyingine, The Game, ilikuwa imetoka katikati ya mwaka huohuo. Santuri hiyo ndiyo ya kwanza ambamo Queen walitumia sintesaiza, baada ya miaka mingi ya kujivunia, hata kwa maandishi kwenye majalada yao, kwamba hawakitumii chombo hicho. Bila chombo hicho ni vigumu kufikiri jinsi sehemu za Mercury katika Flash Gordon zingetungwa.

Wimbo mkuu wa filamu, ule unaotambulika na watu wengi hadi leo, si wa Mercury bali ni wa Brian May. Mercury aliuimba tu. Jambo hili linahitaji kusisitizwa kwa sababu husahauliwa mara kwa mara. Miongoni mwa vipande vilivyo chini ya jina la Mercury mna hivi vinne: cha mfalme katili Ming na baraza lake, cha pete ambayo Ming anaitumia kumlevya Dale kwa kiinimacho, cha pambano la mpira ambamo Flash, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, anawaangusha walinzi wa Ming, na cha Vultan, mkuu wa watu wenye mabawa, wanaposhambulia kutoka angani.

Vipande vyote vinne havina mashairi. Mtu aliyefahamika kuliko wote katika kundi kwa sauti yake na kwa wingi wa maneno yake aliingia katika filamu akiwa hana neno. Ukiondoa nyimbo mbili za May, santuri nzima haina nyimbo zilizokamilika. Badala ya beti mna mazungumzo ya wahusika yaliyochukuliwa katika filamu yenyewe na kutandazwa juu ya muziki. Wakati ule santuri nyingi za filamu hazikufanywa hivyo. Kwa msikilizaji asiyeiona picha, maneno ya waigizaji yanashika nafasi ya beti, na muziki unashika nafasi ya picha. Mercury anaonekana kuielewa kanuni hiyo vizuri. Kipande cha Ming ni kizito, kinatambaa, na hakina haraka, kwa sababu mfalme hana anayemharakisha. Kile cha pambano la mpira kinakimbia juu ya pigo moja linalorudiwarudiwa, kama muziki wa kuchangamsha uwanja. Cha Vultan kinapanda na kupanda bila kutua. Kwa ufupi, kila kipande ni sifa ya mhusika iliyotolewa bila kivumishi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atakumbuka jinsi mtambaji wa ngano anavyompa kila mnyama mwendo wake na sauti yake kabla hajasema lolote juu ya tabia yake.

Wapo wanaoihesabu santuri hii kuwa dhaifu kuliko zote za kundi. Kama mkusanyo wa nyimbo, ni dhaifu kweli. Lakini haikukusudiwa kuwa mkusanyo wa nyimbo, na kuipima kwa kigezo hicho ni sawa na kumlaumu mpiga ngoma wa unyago kwa kutoimba.

Kazi ya pili ilikuwa ndogo. Giorgio Moroder, mtunzi wa Kiitalia aliyekwisha kupata sifa kwa muziki wa filamu, aliitengeneza upya Metropolis, filamu isiyo na sauti ya Fritz Lang ya mwaka 1927, akaitia rangi na nyimbo za waimbaji mbalimbali, na kuitoa mwaka 1984. Mercury alishirikiana naye kutunga wimbo mmoja, Love Kills, ambao ulikuwa wa kwanza kutolewa katika santuri ndogo kwa jina la Freddie Mercury bila kundi lake. Ulifika nafasi ya 10 Uingereza. Wapenzi wa Lang hawakufurahishwa na toleo hilo la Moroder, na sababu zao zinaeleweka. Wimbo wenyewe ni mzuri, lakini hauitumikii picha. Ungeweza kuwekwa katika filamu nyingine yoyote usipungukiwe na kitu. Ndiyo tofauti baina ya wimbo uliomo katika filamu na wimbo wa filamu.

Tofauti hiyo inadhihirika zaidi katika Highlander ya mwaka 1986, iliyoongozwa na Russell Mulcahy, ambaye alikuwa amejijengea jina kwa kupiga filamu fupi za nyimbo. Muziki wa okestra ulikuwa wa Michael Kamen. Hadithi ni ya watu wasiokufa ambao wanawindana kwa panga karne baada ya karne, hadi atakapobaki mmoja tu. Kila mwanachama wa Queen alitunga kitu. Nyimbo nyingi za filamu zikaingia katika santuri ya A Kind of Magic, iliyotoka Juni 1986. Mchango wa Mercury peke yake ni Princes of the Universe, wimbo unaofungua filamu.

Wimbo huo unastahili kusikilizwa na wanaisimu kwa matumizi yake ya nafsi. Unaanza kwa nafsi ya kwanza wingi: wasemaji ni jamii ya wasiokufa wanaojitangazia asili yao na haki yao ya kutawala. Baadaye, bila onyo, wingi unaanguka na nafsi ya kwanza umoja inatwaa mahali pake, nayo inadai kutokuwa na mshindani wala wa kulingana naye. Kasi na mahadhi vinabadilika mara kadhaa ndani ya dakika tatu na nusu hivi. Mwendo kutoka wingi hadi umoja ndio mwendo wa hadithi yote, kwani mwanzoni wapo wengi na mwishoni anabaki mmoja. Mtazamaji anaelezwa mwisho wa filamu kabla ya tukio la kwanza, kwa viwakilishi tu. Kiitikio kinaurejesha wingi kabla wimbo haujakwisha, kwa hiyo ulinganifu huo si kamili na haufai kuvutwa kupita kiasi. Hata hivyo, yamkini haukutokea kwa bahati. Mercury alikuwa akifanya lile lile alilolifanya kwa mchoro wa Dadd miaka 12 iliyopita, isipokuwa safari hii picha ilikuwa inatembea.

Katika filamu hiyo hiyo kuna jambo jingine la kutazamwa. Wimbo wa majonzi unaosindikiza kuzeeka na kufa kwa mke wa mhusika mkuu, Who Wants to Live Forever, ulitungwa na Brian May. Katika santuri, ubeti wa kwanza unaimbwa na May mwenyewe. Katika filamu anauimba Mercury tangu mwanzo. Wahusika hawaimbi wala hawafumbui vinywa. Sauti inaelea juu yao, inajua wasilolijua. Tofauti na wimbo wa filamu ya Kihindi, ambao hutoka kinywani mwa mhusika, hapa mwimbaji ni mtambaji. Ni vigumu kueleza nguvu ya tukio lile bila kukiri kwamba sehemu kubwa ya uigizaji inafanywa na mtu asiyeonekana. Kwa hiyo hesabu ya kazi ya Mercury katika filamu haikamiliki ikiishia kwenye vipande vyenye jina lake kama mtunzi.

Highlander haikupata watazamaji wengi Marekani ilipotoka, ikapendwa baadaye kwa njia ya kanda za video. Mfululizo wa televisheni uliotokana nayo, kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, uliutumia wimbo wa Mercury kama utangulizi wake, hivyo ukaingia majumbani wiki kwa wiki wakati mtunzi wake hayupo tena.

Baada ya hapo hakutunga tena kwa ajili ya filamu. Mwaka 1987 alitambuliwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Aligeukia kazi ya pamoja na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, na akaendelea kurekodi na Queen hadi nguvu zilipomwishia. Tarehe 23 Novemba 1991 aliutangazia ulimwengu ugonjwa wake, na tarehe 24 akafariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliendeshwa na makuhani wa Kizoroasta. Miezi michache baadaye, filamu ya vichekesho ya Kimarekani, Wayne's World, iliitumia Bohemian Rhapsody katika tukio la vijana walio ndani ya gari, na wimbo wa mwaka 1975 ukapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya Marekani. Safari hii filamu ndiyo iliyoufuata wimbo.

Unguja imekuwa na kauli mbili juu yake. Kwa upande mmoja, watalii humtafuta, na mwaka 2019 lilifunguliwa jumba la makumbusho lenye jina lake katika Mji Mkongwe. Kwa upande mwingine, mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kupingwa na Waislamu walioona kwamba mwenendo wa maisha yake haustahili kuenziwa visiwani. Pande zote mbili zinamtaka awe ushahidi wa jambo fulani. Baadhi ya wanaomtetea hutaja neno la bismillahi lililomo katika sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody na kulifanya kuwa mwangwi wa mitaa ya Unguja. Hoja hiyo haina uzito. Neno hilo husikika Bombay na Panchgani kama linavyosikika Malindi na Shangani, na katika wimbo limewekwa pamoja na majina ya jukwaa la Kiitalia na ya wanasayansi, yaani katika ghala la maneno yaliyochaguliwa kwa mlio wake. Kwa ushahidi wa aina hiyo mtu angeweza kumfanya Mercury kuwa Mtaliano.

Linalobaki ni historia ya kawaida zaidi na yenye uchungu zaidi. Mtoto alizaliwa katika mji wa Kiswahili, akapangiwa na utaratibu wa kikoloni mahali ambapo Kiswahili hakikuhitajika, akapelekwa mbali, akarudi, akaondoka tena katika mwaka wa Mapinduzi. Hakuandika juu ya jambo hilo. Aliandika juu ya wafalme, wauaji na watu wasiokufa, na wahusika hao waliposhindwa kumtosha alikopa wa filamu za wengine. Anayetaka kumweka katika historia ya Unguja anayo haki kamili ya kufanya hivyo, maadamu anamweka humo pamoja na ukimya wake.

Mwaka 2018 ilitoka filamu ya maisha yake, iliyopewa jina la wimbo wake wa mwaka 1975, ambayo ilipata tuzo nne za Oscar mwaka uliofuata, mojawapo ikiwa ya mwigizaji bora kwa Rami Malek. Katika matukio ya jukwaani Malek anafumbua kinywa, na sauti inayosikika kwa sehemu kubwa imetoka katika kanda za marehemu, ikichanganywa na ya mwimbaji mwingine, Marc Martel, aliyerekodiwa studioni.